Ukuta wa Ujuzi: Mipaka ya Fahamu za Binadamu katika Fasihi ya Kiswahili, kutoka Pate hadi Nagona

Mwalimu mwenzangu, pamoja nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa karatasi ya Fasihi, bila shaka umewahi kukutana na kauli hii katika insha za uhakiki: "Mwandishi anaonyesha kwamba binadamu hawezi kuuelewa ulimwengu." Ni kauli inayopendwa kwa sababu huingia popote. Ukihakiki utenzi wa kale, inaingia. Ukihakiki riwaya ya Kezilahabi, inaingia. Hata hadithi fupi ya mapenzi yaliyovunjika, ukitaka, utaisukumiza humo. Makala haya yanadai kwamba kauli hiyo, jinsi inavyoandikwa kwa kawaida, haisemi kitu. Kila enzi ya fasihi yetu imeuona ukuta unaouzuia ujuzi wa binadamu, ila haikuuona mahali pamoja, wala enzi hizo hazikuafikiana kuhusu ni nani aliyeujenga. Mhakiki anayestahili alama ni yule anayetuonyesha ukuta wenyewe: uko wapi katika matini, umejengwa kwa nini, na mhusika hufanya nini anapoufikia.

Hebu tuanze na maneno, maana maneno ndiyo ghala yetu. Neno "dunia" tulilipokea kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni ile iliyo karibu, au ile ya chini, ikilinganishwa na akhera. Kwa hiyo mpaka umo ndani ya neno lenyewe: anayetamka "dunia" amekwisha kukiri kwamba kuna upande wa pili asiouona. "Ulimwengu" nalo lina tabia nyingine. Tunasema "walimwengu" tukiwa na maana ya watu, tena mara nyingi watu wenye midomo mirefu na vijicho. Methali isemayo kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu haizungumzii nyota wala sayari. Inazungumzia mapigo ya maisha miongoni mwa watu. Mwanafunzi anayekuta neno "ulimwengu" katika shairi la karne ya 19 na kulichukua kwa maana ya somo la Fizikia amepotea kabla hajafika ubeti wa pili.

(Kuna na wale wanaopenda kudai kwamba kitenzi "kujua" kimetokana na "jua", eti kwa kuwa jua huangaza na ujuzi huangaza. Ni sadfa ya sauti tu; mizizi ya maneno hayo mawili katika lugha za Kibantu ni tofauti. Malenga anaruhusiwa kuichezea sadfa hiyo. Mhakiki haruhusiwi kuigeuza kuwa ushahidi.)

Ikumbukwe pia kwamba watu wa mwambao hawakuwa wageni wa anga. Nahodha aliyevusha jahazi kutoka Lamu hadi Maskat alizisoma nyota usiku na pepo za misimu mchana. Mkulima alikitazama kilimia, lile kundi dogo la nyota, akapima kwalo majira ya kulima. Methali yetu husema kuwa kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Huo ni ujuzi uliopimwa kwa macho ya vizazi, na haujali swali la kwa nini kundi hilo la nyota hupotea machoni na kurudi. Hapa mpaka wa ujuzi upo lakini haumsumbui mtu. Fasihi huanza pale unapoanza kusumbua.

Pate: moyo unaokataa kuona

Mwanzoni mwa karne ya 19, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, utenzi ambao wengi wetu tumeufundisha au tumeufundishwa. Jina lenyewe ni la Kiarabu na maana yake ni kufunuka, kuondolewa pazia. Msomaji mgeni angetarajia, kwa jina hilo, kufunuliwa siri za mbinguni. Anachopewa ni magofu ya Pate. Nyumba za matajiri zilizokuwa na taa na watumishi zimekuwa makao ya popo. Vidaka vilivyopangwa vyombo vya thamani vimekuwa viota vya ndege. Penye vicheko sasa husikika wadudu. Kisha msomaji huongozwa hadi makaburini, na zaidi ya makaburi.

Sasa tazama ni nani anayesemeshwa. Mshairi hausemeshi umma wa Pate wala mfalme wake. Anausemesha moyo wake mwenyewe, anaukemea, anaubembeleza, anauuliza mbona hauzindukani. Hili ndilo jambo ambalo insha nyingi hulipita mbio. Mtahiniwa huandika kuwa "mshairi anasema binadamu hajui lolote mbele ya Mungu", ilhali utenzi unalalamika kinyume chake: moyo unajua. Ushahidi umetandazwa mbele ya macho, kuta zimebomoka mchana kweupe, waliokuwa wakubwa wamefukiwa mchangani na kila mtu anayajua makaburi yao. Kinachokosekana ni moyo kukubali kile ambacho jicho limekwisha kuona. Ukuta umejengwa ndani ya mtu na mtu mwenyewe, kwa matofali ya tamaa na mazoea.

Ukishaliona hilo, fani ya utenzi nayo huanza kueleweka. Kila ubeti una mishororo minne. Mitatu ya kwanza hufuatana kwa kina kimoja, na wa nne hurudi kwenye kina kisichobadilika tangu mwanzo. Naona katika mpangilio huo moyo unaotoroka mara tatu na kurudishwa palepale. Yawezekana mwenzangu utalisikia tofauti, na utakuwa na haki, mradi utoe ushahidi wa kina na mizani badala ya kusema tu kwamba "vina vinaleta mahadhi".

Kusadikika: wajumbe gerezani

Tangu Pate hadi Shaaban Robert (1909–1962) ni zaidi ya karne moja, na katikati pana mengi ambayo siwezi kuyagusa hapa. Naruka kwa makusudi hadi mwaka wa 1951, ilipochapishwa Kusadikika, kwa kuwa humo ukuta umehama kabisa.

Nchi ya Kusadikika iko angani. Imening'inia tu huko, na mwandishi hajishughulishi kueleza inashikiliwa na nini. Mhusika Karama ameshtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kuanzisha elimu ya sheria. Katika kujitetea, Karama anasimulia habari za wajumbe sita waliowahi kutumwa katika pande sita: pande nne za dira, kisha mbinguni na ardhini. Kila mjumbe alikwenda mbali, akastahimili taabu, akaona mambo mema yanayoweza kuwafaa watu wake, akarudi nayo. Na kila mmoja alipofika nyumbani alitupwa gerezani.

Tafadhali zisome tena safari hizo ukiwa na swali letu mkononi. Shaaban Robert hakuuweka mpaka wa ujuzi mbali, mwisho wa bahari au juu ya mawingu. Mjumbe aliyetumwa mbinguni alifika. Aliyetumwa ardhini alifika. Binadamu wa Kusadikika ana uwezo wa kwenda upande wowote na kurudi na habari, na mwandishi haoneshi shaka hata kidogo juu ya akili ya wajumbe hao. Kinachoshindikana ni hatua ya mwisho, ile fupi, kutoka langoni mwa mji hadi masikioni mwa wenye amri. Ukuta umejengwa nyumbani, na watu wenye vyeo, wanaojua fika kwamba elimu mpya itawauliza maswali.

Ikiwa utakumbuka kwamba mwandishi alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni Tanganyika, na kwamba kitabu kilitoka miaka 10 kabla ya nchi hiyo kupata uhuru wake, utaelewa kwa nini hadithi hii iliwekwa angani na si Tanga. Wahakiki wamelisema hilo mara nyingi, nami sina haja ya kulirudia kwa kirefu. Linaloniudhi ni jinsi tunavyomaliza uhakiki hapo: Kusadikika ni koloni, Majivuno ni utawala dhalimu, basi, fungua ukurasa mwingine. Tukifanya hivyo tunaipoteza hoja pana zaidi, ambayo mwanafunzi wa leo anaihitaji. Hoja hiyo ni kwamba kuna kutojua kunakotengenezwa. Kuna mambo ambayo jamii haiyajui si kwa sababu ni magumu bali kwa sababu aliyeyaleta yuko jela. Karama mwenyewe anashinda kesi yake na wajumbe wanafunguliwa. Mwandishi aliamini kwamba ukuta uliojengwa na watu unaweza kubomolewa na watu, kwa maneno, mahakamani. Imani hiyo ni ya aina yake, na tutaona baada ya muda mfupi kwamba mwandishi mwingine hakuirithi.

Ngomeni, 1970

Kabla hatujafika kwa mwandishi huyo, naomba ruhusa tutoke kidogo katika rafu za fasihi twende Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Sababu ni kwamba mpaka wa ujuzi ulichukua sura mpya kabisa hapo pwani yetu, na ukapewa jina la Kiswahili.

Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimamishwa baharini na Waitalia, roketi ilirusha setilaiti ndogo ya Marekani. Ilikuwa siku ya kuadhimisha miaka 7 ya uhuru wa Kenya, na Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo, akaipa setilaiti hiyo jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani. Miali hiyo haifiki ardhini, kwani hewa inayotuzunguka huizuia. Ndiyo maana kwa maelfu ya miaka hakuna nahodha wala mnajimu aliyejua kuwa ipo. Kabla ya Uhuru, wanasayansi walitegemea zaidi roketi na maputo. Roketi ilichungulia kwa dakika chache tu kisha ikaanguka. Ngomeni ilichaguliwa kwa kuwa iko karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huisaidia roketi kwa kasi ya bure. Setilaiti ilifanya kazi hadi mwaka wa 1973, na orodha ya mwisho iliyotokana nayo ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Riccardo Giacconi, aliyeongoza uchunguzi huo, alishiriki Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka wa 2002.

Kati ya vyanzo hivyo kimoja kiliwatatiza wachunguzi. Kiliitwa Cygnus X-1. Uhuru ilionyesha kwamba mng'ao wake ulikuwa ukipanda na kushuka kwa muda usiofika sekunde moja, jambo lililomaanisha kwamba kitu chenyewe ni kidogo mno kwa kadiri ya mambo ya angani. Kufikia mwaka wa 1972, watafiti wa Uingereza na Canada walikuwa wameonyesha kwamba nyota moja kubwa inayoonekana hapo inazungushwa kila baada ya siku 5.6 na mwenzake asiyeonekana, mithili ya mchezaji ngoma ambaye mkono wake umeshikwa na mtu aliye gizani. Kipimo kilichotolewa 2021 kinakadiria kuwa mwenzake huyo ana uzito wa takriban majua 21. Kitu kizito hivyo, kidogo hivyo, kisichotoa nuru yake chenyewe: huyo ndiye tunayemwita shimo jeusi.

Shimo jeusi lina mvuto mkali kiasi kwamba nuru ikivuka mpaka wake haiponyoki. Na nuru isipotoka, habari haitoki. Hapa, msomaji, tuna ukuta ambao Sayyid Abdalla na Shaaban Robert hawakuuwazia. Haukujengwa na moyo mkaidi wala na waziri mwenye majivuno. Ni wa maumbile yenyewe, na sheria zilezile za fizikia zinazotuambia kuwa shimo lipo ndizo zinazotuambia kwamba aliye nje hatapata habari kutoka ndani. Wanasayansi wakiendeleza hesabu zao hadi kitovuni mwake hupata majibu yasiyo na ukomo, na wao wenyewe husema hiyo ni dalili kwamba nadharia imefika pasipo uwezo wake. Hata nje ya mashimo hayo hali si ya kujivunia. Vipimo vya setilaiti ya Planck vilivyotangazwa 2013 vilionyesha kwamba maada ya kawaida, yaani nyota, sayari, bahari, miili yetu na vitabu vyetu, ni takriban asilimia 5 tu ya vyote vilivyomo. Takriban asilimia 27 huitwa maada nyeusi, na asilimia 68 nishati nyeusi. Nyeusi hapo ni adabu tu. Maana yake ni kwamba hatujui ni nini.

Nimekawia Ngomeni kwa sababu moja. Wengi wetu katika shule za upili tumezoea kudhani kuwa kukiri kutojua ni udhaifu wa dini au wa riwaya za kifalsafa, na kwamba sayansi ndiyo nyumba ya majibu. Historia ya Uhuru inaonyesha kwamba chombo kilichojengwa ili kuona zaidi kilileta habari za kitu kisichoweza kuonekana, na habari hizo zilihesabiwa kuwa ushindi.

Nagona: akili yenyewe mashakani

Mnamo Desemba 1974 Stephen Hawking aliwekeana dau na Kip Thorne kuhusu Cygnus X-1. Hawking alidai si shimo jeusi. Mwaka huohuo ilichapishwa Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi. Hawking alikubali kushindwa mwaka wa 1990. Mwaka huohuo ilichapishwa Nagona. Ni sadfa tupu, na nisingependa kumwona mtahiniwa akiijengea hoja. Ila inasaidia kumbukumbu.

Kezilahabi alizaliwa Ukerewe mwaka wa 1944 na kufariki Januari 2020. Katika Kichwamaji, Kazimoto ni msomi wa chuo kikuu anayeuliza maswali makubwa kuhusu Mungu, maana na maisha, na mwisho anajiua. Usomi wake haukumpa jibu wala haukumpa jamii. Hata hivyo, kimtindo, Kichwamaji bado ni riwaya tunayoitambua: ina kijiji, ina familia, ina matukio yanayofuatana. Mhusika amechanganyikiwa lakini msomaji hajachanganyikiwa. Ukuta uko mbele ya Kazimoto, nasi tumekaa kando tukimtazama akigonga kichwa.

Katika Nagona, na katika Mzingile iliyofuata mwaka wa 1991, kiti hicho cha mtazamaji kimeondolewa. Vitabu vyote viwili ni vyembamba, na vyote viwili vina sifa ya kuwashinda watu. Msimulizi anasafiri bila ramani. Wakati haujipangi. Walio hai na waliokufa wanazungumza. Majina ya wanafalsafa wa Ulaya yanajitokeza na kupita. Anachokitafuta msafiri hakikamatiki. Neno "mzingile" lenyewe linajulikana kwetu kutokana na mzingile-mwambiji, ile njia ya mafumbo inayokuzungusha hadi usijue ulikoingilia. Mwalimu anayekisoma kitabu hiki usiku ili akifundishe asubuhi hufadhaika, na nimesikia zaidi ya mara moja wenzetu wakihukumu kwamba mwandishi "alipotea".

Hukumu hiyo naipinga. Mwaka wa 1985, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Kezilahabi aliwasilisha tasnifu yake ya uzamifu kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Mtu aliyetumia miaka kulifikiria swali la kufasiri ni nini hawezi kushangaa kwamba riwaya yake ni ngumu kufasiriwa. Alikusudia. Tazama tofauti na Kusadikika: kule mjumbe huenda, huona, hurudi na ripoti iliyo wazi, na tatizo ni wasikilizaji. Katika Nagona mjumbe hana hakika kwamba macho yake, lugha yake na mantiki aliyofundishwa ni vyombo vinavyofaa kwa safari hiyo. Hata wanafalsafa waliotajwa hawakuja kumpa majibu. Wako pale kama wasafiri waliotangulia na ambao nao hawakufika. Ukuta umehamia ndani ya akili yenyewe, katika chombo kilekile tunachotumia kuupima ukuta.

Ndiyo maana ugumu wa fani katika Nagona ni sehemu ya maudhui. Laiti Kezilahabi angeandika kwa ufundi wa Kichwamaji kwamba "akili ya binadamu ina mipaka", angekuwa ametupa jibu rahisi kuhusu jambo asiloamini kuwa lina jibu rahisi. Badala yake alituingiza tukaupapasa mpaka kwa mikono yetu. Msomaji anayefika ukurasa wa 30 akasema "sielewi ni nani anayesema" ameanza kusoma vizuri. Kosa ni kufunga kitabu hapo.

Nakubali kwamba kuna hatari upande wa pili. Wapo wahakiki ambao kila wasichokielewa hukiita kina. Ugumu wa Nagona si leseni ya kusema lolote, wala si kila riwaya yenye ndoto na mizimu inahusu mipaka ya ujuzi. Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001) ina babu aliyerudi kutoka kwa wafu, lakini babu huyo amekuja kumfungua macho mjukuu wake kuhusu dhuluma zinazoonekana wazi kwa anayetaka kuona. Kwa maoni yangu huyo yuko karibu zaidi na Al-Inkishafi kuliko alivyo karibu na Nagona. Bina-Adamu! ya Kyallo Wamitila (2002) nayo ina safari ya mafumbo na mhusika asiyejua anakokwenda. Hata hivyo, msafiri wake anatafuta chanzo cha masaibu ya kijiji chake, na chanzo hicho kina alama za nyayo, kina historia, kina wanaofaidika. Ukuta wa Wamitila umejengwa na watu, kama ule wa Shaaban Robert, ila waliojenga safari hii wametapakaa ulimwengu mzima na hawana mahakama moja ya kuwashitaki.

Mezani pa mtahiniwa

Chukulia umepewa swali lisemalo: "Jadili jinsi mwandishi alivyosawiri mipaka ya ujuzi wa binadamu." Neno "jadili" linakupa nafasi. Lingekuwa "thibitisha", ungebanwa zaidi, ingawa hata hapo unaweza kuthibitisha kwamba matini inakataa kuthibitisha. Mtahiniwa wa kwanza ataorodhesha hoja: wahusika hawajui hiki, hawajui kile, mwisho wanakufa. Kila hoja ina mfano, na bado msahihishaji anamaliza kurasa tatu bila kujua ni kitabu gani kinachozungumziwa, kwani orodha hiyo ingeweza kutolewa kwa kitabu chochote. Mtahiniwa wa pili ataanza kwa kuuliza ujuzi unakwama wapi. Akiandika kuhusu Kusadikika, ataonyesha kuwa wajumbe wote sita walifanikiwa safarini na kufungwa nyumbani, na kwamba mfululizo huo wa mara sita ni mbinu ya takriri inayomfanya msomaji aache kuulaumu umbali na aanze kuwalaumu watawala. Hiyo ni hoja moja, lakini ina fani na maudhui ndani yake, na haiwezi kuhamishwa kupelekwa Nagona.

Nasi walimu tuna mzigo wetu. Mwongozo wa kusahihisha hupenda hoja zinazohesabika, na mwanafunzi hujifunza mapema kwamba kuandika "matini haitoi jibu" ni kujinyima alama. Tunaweza kumfundisha kuiandika kauli hiyo kwa namna inayohesabika: matini haitoi jibu katika sehemu hii, dalili ni kwamba msimulizi anauliza na hakuna anayejibu, au anajibiwa kwa swali, athari yake kwa msomaji ni hii. Kukiri kutojua kunakoonyeshwa kwa ushahidi ni hoja kamili. Kusipokuwa na ushahidi ni uvivu, na msahihishaji hana kosa akikunyima alama.

Kwa anayetaka kujaribu Nagona na kidato cha tatu, nimeona vipindi viwili vinatosha kuanzia. Katika kipindi cha kwanza usieleze chochote. Waachie kurasa tano, kila mmoja na penseli, wapige mstari chini ya kila swali linaloulizwa katika matini na waandike pembeni nani ameuliza, nani amejibu. Katika kipindi cha pili wahesabu. Maswali yasiyojibiwa huwa mengi, na palepale darasa hugawanyika, wengine wakimkasirikia mwandishi, wengine wakimtetea, na mara nyingi yule aliyekuwa kimya muhula mzima ndiye anayeuliza kama inawezekana msimulizi naye hataki kujibiwa.